Akiba Iozayo

Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Nadhani walikuwa na fedha akilini, au wema aliotenda mtu, kwa maana mkulima yeyote aliyepata kuweka mahindi ghalani anajua kwamba akiba huoza, tena huoza kimya kimya. Dumuzi huingia, unyevu hupanda kutoka sakafuni, na mwenye mali akipita nje huona ghala limesimama na mlango umefungwa. Siku ya njaa ndipo anapofungua.

Mimi si mkulima. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kutunza seva za akiba, yaani kompyuta zinazokusanya kwa njia ya mtandao, aghalabu usiku, nakala za mafaili yaliyomo katika kompyuta nyingine. Maofisini tunaziita nakala hizo bakapu. Ni kazi isiyoonekana. Ikienda vizuri hakuna anayejua kwamba ipo. Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi kazi hii ilivyofika hapa ilipo, kwa sababu nimekuja kuamini kwamba historia yake ina funzo moja: kila hatua iliyoturahisishia kuweka akiba ilitunyima pia nafasi moja ya kuiona akiba yenyewe.

Tuanze na kanda. Kanda ya sumaku iliingia katika biashara ya kompyuta mwaka 1951, pamoja na mashine ya UNIVAC ya Marekani, na kanda hiyo ya kwanza ilikuwa ya chuma. Mwaka uliofuata kampuni ya IBM ilileta kanda ya plastiki, nyepesi zaidi. Diski ilikuja baadaye. Ile ya IBM ya mwaka 1956 ilikuwa na sahani 50, ikajaza kabati zima, na bado ilibeba herufi milioni 5 tu. Diski zilipokuwa ndipo mahali pa kufanyia kazi, kanda ikabaki kuwa mahali pa kuwekea nakala. Hata leo, programu ya tar iliyoenea pamoja na mfumo wa Unix tangu mwaka 1979 imebeba jina la enzi hizo, kwani ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya hifadhi ya kanda. Vijana huitumia kila siku bila ya kupata kuigusa kanda hata mara moja.

Jambo la kukumbuka ni kwamba wakati ule kulikuwa na mtu. Mtu huyo alipachika kanda kwa mikono yake, akaandika tarehe kwa kalamu, akaipeleka kabatini. Mashine ikikwaruza aliisikia. Kanda ikiwa nyepesi kuliko kawaida, kwa maana ya kwamba imeandikwa kidogo mno, aliona kwa macho jinsi ilivyozunguka kwa muda mfupi. Sisemi kwamba hakukosea. Nasema alikuwa karibu.

Miaka ya 1980 ilipokuwa inaelekea ukingoni, hali ilibadilika. Vyuo vikuu vya Marekani vilijaa kompyuta za mezani, kila moja na diski yake, na haikuwezekana kuinunulia kila moja mashine ya kanda, wala kumlipa mtu azizungukie zote. Kwa upande mwingine, kampuni ya Exabyte ilikuwa imeleta mwaka 1987 kanda ndogo ya milimita 8 iliyobeba zaidi ya gigabaiti 2, kiasi cha kutosha diski nyingi za wakati ule kwa pamoja. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kuzifikisha diski hizo zote kwenye kanda moja.

Njia moja ilipatikana katika Chuo Kikuu cha Maryland mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo ni programu iitwayo Amanda. Usiku seva huiuliza kila kompyuta ni kiasi gani cha mafaili kimebadilika. Kisha hupiga hesabu: nani leo achukuliwe nakala kamili, na nani achukuliwe mabadiliko tu, ili mzigo wote wa usiku huo uenee katika kanda moja. Kompyuta nyingi hutuma mafaili yao kwa wakati mmoja, nayo hutua kwanza kwenye diski ya kupokelea, ndipo yaandikwe kwenye kanda mfululizo. Hilo lina sababu yake: kanda inayongojea mtandao wa polepole husimama, hurudi nyuma, huanza tena, na kwa kufanya hivyo hupoteza muda na kujichakaza. Asubuhi seva humwandikia msimamizi barua ya kueleza mambo yalivyokwenda.

Ulikuwa ufundi mzuri sana, na hadi leo nauheshimu. Lakini kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yalipogeuka. Tangu siku hiyo tunachokitazama si kanda, bali ni barua inayotupa habari za kanda.

Hatua nyingine ilikuja mwaka 1996, pale Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia walipotoa programu ya rsync. Anayepokea huligawa faili lake la zamani katika vipande, akakipatia kila kipande namba fupi ya kukitambulisha, akazituma namba hizo kwa mwenye faili jipya. Mwenye faili jipya hulinganisha, akatuma vile tu ambavyo mwenzake hana. Kwetu sisi tulioishi kwenye ncha ya mtandao hafifu hiyo ilikuwa neema. Kabla ya waya wa baharini wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano yetu na ulimwengu yalitegemea zaidi setilaiti, na setilaiti ilikuwa ghali. Kutuma mabadiliko ya siku nzima badala ya mafaili yote kulifanya jambo lisilowezekana liwezekane.

Hata hivyo rsync ina hatari yake. Ukiiamuru ifananishe pande mbili kwa kila hali, itafananisha hata ufutaji. Faili likifutwa kwa bahati mbaya saa nne, nakala yake nayo itafutwa saa tano. Kioo hukuonyesha ulivyo sasa; hakikumbuki ulivyokuwa jana.

Ndugu msomaji atauliza: basi kazi ya msimamizi ni nini, ikiwa mashine hufanya yote? Nichukue mfano wa Bacula, programu iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000. Ndani yake kazi imegawanywa. Yupo mkuu anayetoa amri. Yupo wakala anayekaa katika kila kompyuta. Yupo mtunza ghala. Na ipo orodha, kanzidata inayosema faili gani liko katika kanda ipi. Mgeni hudhani kwamba mafaili hupita kwa mkuu. La, wakala huyapeleka moja kwa moja kwa mtunza ghala. Kwa hiyo mkuu akimfikia wakala, na wakala akashindwa kumfikia mtunza ghala kwa sababu jina halitambuliki au mlango umefungwa na programu ya ulinzi, kazi huanza vizuri kisha ikasimama. Nimeona watu wakihangaika siku nzima na upande usio na kosa.

Orodha nayo ikipotea, kanda zako zinakuwa maktaba isiyo na katalogi. Vitabu vyote vimo, lakini huna budi kuvifungua kimoja kimoja. Iko programu ya kuzisoma kanda zote upya na kuijenga orodha, ila huweza kuchukua siku nyingi, na siku hizo aghalabu ni zile ambazo mkurugenzi amesimama mlangoni. Tena liko tatizo la zamani ambalo lilinifundisha kuogopa: kichwa cha mashine ya kanda kikihama kidogo tu, mashine hiyo huandika kanda ambazo yenyewe huzisoma bila shida, wala hapana nyingine ziwezayo kuzisoma. Mashine ikifa, imekufa na kanda zake.

Mwaka 2011 niliitwa katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Diski iliyobeba kumbukumbu za michango ya vibarua ilikuwa imekwisha kufa, na walitaka mtu wa kuwarejeshea nakala. Nilisoma barua za seva za kila asubuhi; zote zilisema kazi imefanikiwa. Nilipofungua akiba yenyewe nilikuta folda tupu. Miezi kumi na minne kabla ya hapo kumbukumbu zilikuwa zimehamishiwa diski mpya iliyo kubwa zaidi, na hakuna aliyeiambia seva. Kila usiku seva ilikwenda palepale ilipozoea, ikakuta folda haina kitu, ikanakili hicho kisichokuwapo, ikaripoti kwamba haikuona hitilafu. Na kweli haikuona. Katika barua ile kulikuwa na safu ya ukubwa wa nakala, na katika safu hiyo kulikuwa na sifuri. Zile kanda za zamani zenye kumbukumbu za kweli zilikuwa zimekwisha kutumiwa tena kwa zamu yake, kwa hiyo utupu ulikuwa umeandikwa juu ya mali.

Makarani walikaa miezi mingi wakiingiza upya takwimu kutoka katika karatasi za malipo, zile zilizopatikana. Siku moja nilikuwa pale alipofika mama mmoja kufuatilia mafao ya marehemu mumewe. Karani alimwuliza kwa upole, “Mama, una karatasi yoyote inayoonyesha kwamba alifanya kazi hapa?” Yule mama alifungua mkoba wake akatoa picha ya mumewe akiwa amevaa sare. Hakuwa na kingine.

Mtu asidhani kwamba mambo hayo ni ya nchi maskini. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, ambayo huhifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, alifuta kanzidata katika seva kuu akidhani yuko katika ile ya pili. Alisimamisha amri baada ya muda mfupi sana, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Ndipo wakaenda ghalani. Nakala za kila siku zilikuwa hazitengenezwi, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko kanzidata yenyewe. Barua za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua, kwa hiyo hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi mmoja aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni hiyo ilieleza yote hadharani, na kwa hilo nawavulia kofia, kwani wengine huficha.

Mwaka huohuo, tarehe 27 Juni, virusi vilivyopewa jina la NotPetya vilitoka Ukraine vikaingia katika mtandao wa Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake tunayaona Mombasa na Dar es Salaam. Baadaye mwenyekiti wake alisema walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Lakini kisa kinachonihusu mimi ni kile cha seva zinazotunza majina na ruhusa za watumiaji. Zilikuwa kiasi cha 150, zimetawanyika duniani, na kila moja ilikuwa akiba ya mwenzake, zikipashana habari muda wote. Hakuna aliyewaza kwamba zote zingefutwa pamoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa mujibu wa mwandishi wa habari Andy Greenberg, aliyekiandika kisa hicho mwaka 2018, moja ilipona. Ilikuwa Ghana, nayo ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla virusi havijafika, ikawa nje ya mtandao. Mtandao wa huko ulikuwa hafifu mno kuituma nakala hiyo Uingereza, na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza, hivyo diski ilibebwa kwa mkono hadi uwanja wa ndege nchini Nigeria, ikakabidhiwa mwingine, ikapelekwa Maidenhead. Mimi niliyelalamikia umeme wetu maisha yangu yote nilikisoma kisa hicho mara mbili. Lakini yale yalikuwa bahati, na bahati haiwekwi katika ratiba. Linaloweza kuwekwa ni nakala moja ambayo kwa makusudi haisikii mtandao unasema nini: kanda iliyotolewa mashinimi, diski iliyochomolewa.

Linaloweza kuwekwa tena ni siku ya kufungua ghala. Pale nilipo sasa hufanya hivyo kila mwezi. Hachagui mtunza seva, kwa maana atachagua analolijua. Jina la idara hutolewa kwa kura, na idara hiyo hutaja faili lolote la zamani inalolitaka. Hulirejesha katika kompyuta nyingine, siyo ile lilikotoka, kisha mwenyewe hulifungua na kulitazama. Neno la seva halihesabiwi.

Mwezi uliopita kura iliwaangukia wahasibu. Waliomba jedwali la mishahara la Machi 2019. Ilichukua dakika arobaini, kwa kuwa kanda ya kwanza iligoma na tukalazimika kutumia ya pili. Mhasibu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alilifungua, akashuka hadi mstari wa mwisho, akalinganisha na karatasi aliyokuja nayo. Akasema jumla ni ileile. Nikaandika tarehe katika daftari, na kando yake nikaandika namba ya ile kanda iliyogoma.