Hesabu, kobe na wanachuo wa Swarthmore

Majaribio yamebana kweli wiki hii, ila nimeiba muda niwaletee historia kidogo. Leo ni hesabu. Usikimbie bwana, hakuna fomula!

Hadithi naianzia Marekani, 1967. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Baadaye akaja yule kobe: mtoto anamwamuru aende hatua 100, ageuke nyuzi 90, arudie mara 4, na mraba huo hapo! Hoja ya Papert ilikuwa kwamba mtoto ndiye aiamuru kompyuta, sio kompyuta imwamuru mtoto. Akikosea hachapwi. Anaangalia kobe kapotelea wapi, anarekebisha.

Intaneti ilipoingia, mwaka 1994 chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, kikaanzisha Ask Dr. Math. Hapa someni polepole: waliokuwa wanajibu mwanzoni walikuwa wanachuo, kama mimi na wewe. Mtoto anatuma swali kwa imeili, mwanachuo anamwonyesha njia, sio kumtupia jibu tu. Majibu yakahifadhiwa, ikawa maktaba nzima.

Miaka 10 baadaye, 2004, Salman Khan yuko Boston, binamu yake Nadia yuko New Orleans na hesabu zinamtesa. Jamaa akaanza kumfundisha kwa simu na kompyuta. Ndugu wengine nao wakataka. Mwaka 2006 akaanza kuweka video YouTube, na huko ndiko ilikotoka Khan Academy.

Mmeona kinachojirudia? Mitambo inabadilika, ila mwanzoni kabisa kuna mtoto mwenye swali na mtu aliyekubali kukaa naye.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids zilianza kuonyeshwa kwenye TV, hesabu kwa Kiswahili na nyimbo juu. Kisha Tanga, kwenye shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 2,700 wa vijijini walipewa tableti zenye programu za Kiswahili, zinazochajiwa kwa jua, wala hazihitaji mtandao. Mei 2019 onebillion na Kitkit School wakagawana dola milioni 10 za ushindi. Tanga inanipinga kidogo, maana tableti zile zilitengenezwa mtoto ajifunze bila mwalimu. Lakini zilimkuta kwa lugha yake, zikaanzia pale alipo. Hata hilo ni kukaa naye.

Kwa nini nasema yote haya? Miaka nenda rudi hesabu imekuwa ikishika mkia kidato cha nne, na ugonjwa hauanzii huko. Mpwa wangu yuko darasa la nne, tayari anasema "mimi hesabu siwezi". Miaka tisa tu duniani, keshajihukumu!

Wale wa Swarthmore walikuwa na imeili tu. Sisi tuna simu, na bando la usiku tunamalizia kwenye muvi. Likizo inakuja wadau. Pakua video mbili tatu ukiwa hapa chuo, nenda nazo nyumbani, kaa na mdogo wako mkumbini, muulize kobe kapotelea wapi.

Haya, narudi kwenye notsi. Tupo pamoja.