Kuni, Makaa ama Gesi: Historia ya Moto wa Jikoni Turkana

Mtu akijenga nyumba Lodwar, hakuna anayemuuliza ataipasha joto na nini. Jua linafanya kazi hiyo bure, na mchana wa nyuzi 35 si habari. Swali linalobaki ni la jikoni: utapikia nini? Wengi hulijibu kwa kuangalia bei ya wiki hii. Mimi naona tuangalie nyuma kidogo, kwa sababu kila moto unaowaka Turkana leo ulifika hapa kwa njia yake, na kuna mtu aliyeulipia.

Tuanze na mto. Kando ya Turkwel, mti haukuwa wa kila apitaye na shoka. Kulikuwa na ekwar, yaani kipande cha msitu wa mtoni ambacho familia ilikuwa na haki nacho, hasa haki ya maganda ya ewoi, ule mgunga ambao mbuzi huutegemea wakati wa kiangazi. Ewoi ulio hai ulikuwa chakula cha mifugo, kwa hivyo haukukatwa ovyo. Za kupikia zilikuwa kuni zilizokauka, zinazowashwa kati ya mafiga matatu. Hesabu hiyo ilifaa mradi watu walikuwa wachache na wanahama.

Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliivuruga. Mifugo ilikufa, watu wakakaa karibu na vituo vya chakula, na mahali watu wengi wanapokaa pamoja kuni huisha za karibu kwanza, kisha za mbali. Katika miaka hiyo ndipo mathenge ilipopandwa kwa wingi huku: mti wa kutoka bara la Amerika, unaovumilia kiu na chumvi, uliotarajiwa kuleta kivuli, kuzuia mchanga na kutoa kuni. Ulifanya kazi yake kupita kiasi. Waturkana wanauita etirae. Umeziba vijia vya kwenda mtoni, na miiba yake hutoboa matairi. Kule Baringo wananchi waliishtaki serikali mwaka wa 2006 kwa sababu yake, na mbuzi asiye na meno akawa ushahidi.

Halafu ikaja Kakuma. Kambi ilifunguliwa 1992 kupokea vijana waliotembea kutoka Sudan, na baadaye wakaja watu kutoka Somalia, Kongo na kwingine. Mgao ulikuwa na nafaka na maharagwe, lakini maharagwe hayaliwi mabichi. Kuni zilizogawiwa hazikutosha, na mkimbizi aliyetoka kuokota zake porini aligombana na wenyeji. Soko likajitengeneza lenyewe: mama Mturkana analeta mzigo wa kuni ama makaa, anarudi nyumbani na mahindi ama unga. Mkimbizi anauza sehemu ya chakula ili apike kilichobaki. Ndiyo maana mgao ukipunguzwa Kakuma, njaa haibaki ndani ya kambi. Inamfuata muuza makaa mpaka kwake.

Gesi nayo ina safari yake. Inashuka melini Mombasa, na mpaka ifike Lodwar imepita zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Ushuru wake umekuwa ukipanda na kushuka: VAT iliondolewa 2016, ikarudi kwa asilimia 16 mwaka wa 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka wa 2022, kisha ikaondolewa tena 2023. Mtu aliyenunua mtungi mwaka mmoja angejikuta amerudi kwa makaa mwaka unaofuata. Na makaa pia hayakuwa salama: Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na bei ya gunia ikapanda nchini. Kinachouma zaidi ni kwamba mafuta ghafi yaligunduliwa papa hapa, Ngamia 1, karibu na Lokichar, Machi 2012. Shehena ya kwanza iliuzwa nje 2019. Ilipita barabarani kwa malori kwenda Mombasa, kule kule mitungi yetu inakotoka.

Nayaandika haya kwa sababu dada yangu anajenga nyumba ya vyumba viwili Lodwar, na fundi anataka kujua kama jikoni aweke chimni ama aache tundu la paipu ya gesi. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini kwetu bado mimi ndiye ninayeulizwa mambo ya vitabu. "Sasa we niambie," dada akasema, "niache tundu ama nisiache?"

Nilimwambia aache tundu, na aweke chimni pia. Gesi ni ya chai ya asubuhi na ya mboga, vitu vya dakika kumi. Githeri na maharagwe ni ya jiko la kauri, lile lililoenea Kenya miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la Thailand, ambalo udongo wake hushika joto na kupunguza makaa. Mtungi ukiisha kabla ya mwisho wa mwezi, watoto watakula. Dirisha liwe kubwa, kwa sababu makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na jiko halilali ndani hata siku moja.

Makaa yenyewe anunue ya mathenge. Gunia moja hula kuni zenye uzito mara kadhaa ya lile gunia. Likitoka kwa ewoi, limekula chakula cha mbuzi wa mtu. Likitoka kwa mathenge, limefungua kijia cha mtoni. Dada alicheka, akauliza atajuaje. Nikamwambia amuulize mama anayemletea, kila mara, na akishapata anayesema ukweli asimwache kwa sababu ya shilingi hamsini.