Korona na Mfumo wa Homoni

Mwambie mtu wa Kigoma au wa Mombasa kwamba ana hitilafu katika "mfumo wa tezi", uone mkono wake unakwenda wapi. Utakwenda shingoni. Kwa Mswahili, kusema fulani "ana tezi" ni kusema ana uvimbe shingoni, ule ambao mara nyingi hutokana na upungufu wa madini joto kwenye chakula. Mwanamume wa makamo ataingiwa na wasiwasi wa tezi dume, kiungo ambacho kila mwanamume amezaliwa nacho lakini mitaani jina lake limekuwa jina la ugonjwa. Kwa hiyo anayetaka kueleza namna virusi vya korona vinavyovuruga kemia ya mwili mzima ana kazi ya kwanza kabla ya nyingine zote: kuchagua jina la kile kinachovurugwa.

Homoni ni kemikali inayotengenezwa katika sehemu moja ya mwili, ikaingia kwenye damu, ikafika sehemu nyingine na kuiamuru ifanye jambo: ipandishe sukari, ibane mishipa, ianze hedhi, ikuze mifupa. Neno lenyewe lilitolewa hadharani mwaka 1905 na Ernest Starling wa London, kutokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuamsha au kuchochea. Miaka mitatu kabla ya hapo, yeye na William Bayliss walikuwa wamegundua sekretini, kemikali inayoliamuru kongosho kumwaga maji yake chakula chenye asidi kinapotoka tumboni. Sekretini hutengenezwa na ukuta wa utumbo mwembamba. Tangu mwanzo, basi, elimu ya homoni haikufungwa ndani ya tezi za shingoni wala za kichwani.

Kiswahili kimelipokea neno hilo bila taabu, na "homoni" leo linatamkwa kwenye kliniki za uzazi na saluni vilevile. Ubishi uko kwenye jina la mfumo mzima. Wapo wanaoandika "mfumo wa endokrini", wapo wa "mfumo wa tezi", na wapo wa "mfumo wa homoni". Ugonjwa wa korona, ambao Tanzania imeuita UVIKO-19, unatusaidia kuamua.

Kirusi hiki huingia kwenye seli kwa kujishikiza kwenye kimeng'enya kiitwacho ACE2, kilichokaa juu ya seli za mapafu, moyo, figo, utumbo na viungo vingine vingi. Kimeng'enya hicho hakikuwekwa pale kukisubiri kirusi. Kazi yake ni kuivunja angiotensini II, homoni inayobana mishipa ya damu na kupandisha presha, na kuigeuza kuwa kemikali inayoilegeza mishipa hiyo. Angiotensini nayo haina tezi yake: malighafi hutoka kwenye ini, na figo hutoa renini ya kuanza kuichakata. Yaani mlango kinaopitia kirusi ni sehemu ya mfumo wa homoni, na neno "tezi" halitajwi popote.

Sukari ndiyo iliyowashtua wengi. Watu waliofika hospitali wakihema kwa shida walipimwa damu, wakakutwa na sukari ya juu ambayo hawakuwahi kuambiwa kuwa wanayo. Wengine walikuwa na kisukari siku nyingi bila kujua. Kwa wengine, ugonjwa wenyewe ulikuwa umeuchochea mwili kumwaga kotisoli na adrenalini, homoni zinazopandisha sukari, huku vita vya kinga ya mwili vikiifanya insulini ishindwe kufanya kazi yake. Wapo ambao sukari ilishuka walipopona, na wapo waliobaki na kisukari.

Shingo nayo haikupona. Mwaka 2020 madaktari wa Pisa, Italia, waliripoti habari za msichana wa miaka 18 aliyekuwa ameugua korona kidogo tu. Mafua yalipokwisha, ghafla akapata homa, uchovu, moyo kwenda mbio na maumivu ya shingo yaliyopanda hadi taya. Tezi ya shingo ilikuwa imevimba na kuvujisha homoni iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake. Alipewa dawa ya kutuliza uvimbe, akapona. Tezi hii ina jina lake kamusini, dundumio, ingawa wodini utasikia zaidi "thairoidi". Ukisema tu "amepata tezi baada ya korona", msikilizaji atadhani ni lile rovu la ukosefu wa madini joto.

Tezi zilizokaa juu ya figo, adrenali, zina historia ndefu zaidi na virusi vya jamii hii. Baada ya mlipuko wa mwaka 2003 wa SARS, ugonjwa wa kirusi cha jamii hiyo, watafiti wa Singapore waliwapima watu 61 waliopona, wakakuta 24 wana upungufu wa kotisoli, homoni ya tezi hizo. Wengi wao walirudi katika hali ya kawaida ndani ya mwaka mmoja.

Kisha kuna dawa. Juni 2020, utafiti wa RECOVERY nchini Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa thuluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliohitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida. Deksamethasoni ni homoni ya kutengenezwa, ndugu wa kotisoli: hupandisha sukari, na ikitumiwa kwa muda mrefu adrenali huacha kutengeneza kotisoli yake. Nchini India, mwaka 2021, maelfu ya wagonjwa wa korona walishambuliwa na ugonjwa uliobatizwa fangasi mweusi. Wengi wao walikuwa na kisukari na walikuwa wamepewa dawa za aina hii, ziitwazo steroidi.

Ini, figo, utumbo, kongosho, dundumio, adrenali: jina linaloviingiza vyote bila kumpeleka msomaji shingoni ni "mfumo wa homoni". "Endokrini" libaki kwa wataalamu na vitabu vya chuo. "Tezi" litumike pale tunapotaja tezi fulani, na itajwe kwa jina lake kamili.

Nawe uliyewahi kuugua korona, ukiona kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kukonda, nenda ukapime sukari. Shingo ikiuma na moyo ukienda mbio, mwambie daktari kuwa uliugua. Na kama umekuwa ukitumia dawa za steroidi kwa wiki kadhaa, usiziache ghafla bila kumuuliza.