SAMAKI MMOJA AKIOZA

Masomo: Mwanzo 18:22-33, Warumi 12:17 hadi 13:4



Ukitoka hapa Kakamega kwenda kaskazini utafika Webuye, na hapo utaona kilima cha Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walikuwa na ngome huko. Askari wa serikali ya Kiingereza walikuwa wameuawa na bunduki zao kuchukuliwa. Basi C. W. Hobley, aliyekaa Mumias, akaongoza jeshi kubwa lenye silaha zisizolingana na mikuki. Likavunja ngome ya Lumboka, kisha ya Chetambe. Watu wengi sana wakafa, na ng'ombe wakatekwa. Waliowaua askari hawakuwa kabila zima, lakini adhabu ilikuwa ya kabila zima.

Tusiseme kwamba hayo yalikuwa ya wakoloni tu. Februari 1984, askari wa Kenya huru walitumwa Wajir kutafuta silaha. Waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Hapo pia hapakuulizwa nani ana kosa. Iliulizwa tu nani ni wa ukoo gani.

Sasa tuje kwenye msiba ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa machozi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Waliwatenga Wakristo na Waislamu, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye ndege zetu za vita zilipiga kambi za Al-Shabaab katika eneo la Gedo, nchini Somalia. Wengi tulifurahi. Je, tulikosa?

Ndugu zangu, Paulo anasema mambo mawili, na hatuna ruhusa ya kuchagua moja na kuacha lingine. Katika Warumi 12 anatukataza kulipa kisasi, kwa kuwa hiyo ni kazi ya Mungu. Katika Warumi 13 anasema mtawala hachukui upanga bure. Kwa hiyo askari walioingia chuoni siku ile na kuwamaliza wauaji walifanya kazi halali. Hata kumfuata muuaji hadi kambini kwake, ili asirudi kuua, kwaweza kuwa haki. Lakini Paulo anasema upanga huo ni juu ya atendaye mabaya. Hakusema juu ya jamaa yake, wala lugha yake, wala dini yake.

Tunayo methali isemayo samaki mmoja akioza, wameoza wote. Kwa samaki huenda ni kweli. Kwa wanadamu methali hiyo imemwaga damu nyingi. Abrahamu aliikataa mbele za Mungu mwenyewe, akiuombea mji wa Sodoma kwa ajili ya wenye haki hamsini, akashuka hata kumi. Na Mungu hakumkasirikia.

Baada ya Garissa, wako Wakristo waliotaka Wasomali wote walipizwe. Basi sikilizeni. Tarehe 21 Desemba ya mwaka ule ule, basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa. Wauaji wakaamuru tena Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi kwa ajili ya kukataa huko, akafa Januari 2016. Kama kisasi kingalifanywa kama tulivyotaka mwezi wa Aprili, huenda kingalimpata mtu huyu, naye hangalikuwako kuwakinga ndugu zetu mwezi wa Desemba.

Muuaji wa Garissa aliwagawa watu kwa dini kabla ya kuua. Nasi tukilipiza kwa kabila, tumekuwa wanafunzi wake. Kwa hiyo Mkristo na aiombee serikali yake nguvu ya kuwazuia wauaji, na pia aiulize bila woga: upanga huu unamtafuta nani? Na jirani yako Msomali mwenye duka sokoni, msalimie kesho.

Na tuombe. Ee Bwana, wafariji waliofiwa, wazuie wamwagao damu, na utuepushe na hasira isiyochagua. Amina.