gigabiti, gigabaiti

Nomino za ngeli ya I-ZI. Gigabiti ni biti bilioni 1. Gigabaiti ni baiti bilioni 1, na kila baiti ina biti 8. Kasi ya mtandao wa waya hutajwa kwa gigabiti kwa sekunde, ukubwa wa faili kwa gigabaiti. Hivyo mtandao wa nyumbani wa gigabiti 1 hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde, wala hazifiki zote, kwani sehemu hutumika kuongoza data yenyewe. Mfasiri aandikaye "gigabaiti" mahali pa "gigabiti" humwahidi mnunuzi kasi mara nane ya atakayoipata. Katika vifupisho kosa ni jepesi zaidi: Gb ni biti, GB ni baiti.

"Gigabiti 2.5" husomwa "gigabiti mbili na nusu" au "mbili nukta tano". IEEE iliidhinisha kiwango hicho, pamoja na cha gigabiti 5, mwaka 2016, ili kasi ipande bila kufumua kuta: gigabiti 2.5 hupita katika kebo ya Kategoria 5e hadi mita 100.

Mfano: Alibadilisha swichi ya mtandao na kadi ya kompyuta; kebo iliyomo ukutani aliiacha.

"Swichi" pekee, nyumbani, ni ya taa. Iongezewe "ya mtandao" inapotajwa mara ya kwanza. Vilevile, "kupandisha kasi" ni bora kuliko "kuboresha kasi", kwa kuwa kinachobadilika ni kiasi.