Nyangumi ndani ya gia boksi

Wengi wetu tunaendesha magari ya otomatiki yaliyokwisha tumika Japani. Gari likianza kushtuka kila linapobadili gia, fundi husema: "Gia boksi imekwisha, tafuta nyingine." Naona kauli hiyo hutolewa mapema mno, na historia ya chombo chenyewe ndiyo shahidi wangu.

Kampuni ya GM ya Marekani ilitangaza gia boksi ya Hydra-Matic mwaka 1939, kwa magari ya Oldsmobile ya 1940. Ndiyo otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi. Humo oili hailainishi tu: inapeleka nguvu ya injini, inasukuma vali, inabana sahani za klachi. Tena lazima iziache sahani ziteleze kidogo kabla ya kushikana. Zikishikana ghafla, gari linaruka.

Utelezi huo ulitoka kwa nyangumi! Kwa miaka mingi mafuta ya nyangumi yule mwenye kichwa kikubwa yalichanganywa kwenye oili ya otomatiki. Mwaka 1970 Marekani ilimweka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na sheria ya 1973 ikakaza zaidi. Wanakemia wakalazimika kutafuta mbadala, na haikuwa rahisi: oili moja ya GM ya miaka hiyo ilileta kutu kwenye vipoza oili.

Somo ni hili: ulaini wa gia uko ndani ya kemikali za oili, na kemikali huchoka kwa joto na umri. Pia si kila oili nyekundu ni sawa. Toyota nyingi za zamani zilitengenezewa Type T-IV. Ukitia nyingine kwa sababu ya bei, unaweza kuununua mshtuko mwenyewe.

Basi anza na kijiti. Gari lipate moto, lisimame tambarare, injini ikiunguruma. Oili ikiwa pungufu au imefifia, rekebisha kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ikiwa safi, kagua solenoidi, mauntingi za injini, hata plagi. Ikiwa nyeusi, inanuka kuungua na ina chembe za chuma, hapo fundi yuko sahihi.

Ila aone kijiti kwanza, ndipo ataje bei.