Safari ya gari-nyumba katika milima ya Marekani: Kalenda kwanza, ramani baadaye

Na Mwandishi Wetu

MAJIRA ya joto yanapoingia Marekani, kuanzia Juni hadi Agosti, barabara za majimbo ya Colorado, Wyoming, Montana, Idaho na Utah hujaa magari makubwa yenye vitanda, jiko, jokofu na choo ndani yake. Wenyeji huyaita RV. Kwa Kiswahili tunaweza kuyaita magari-nyumba. Familia hukodi gari la aina hiyo, ikapakia chakula na mablanketi, na kulala milimani wiki moja au mbili bila kuhitaji hoteli.

Miongoni mwa wasafiri hao wamo pia wazungumzaji wa Kiswahili. Miji ya Denver, Salt Lake City na Boise, iliyo mlangoni mwa milima hiyo, imepokea kwa miaka mingi watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya na Tanzania. Ndugu wakitembelewa, au watoto wakifunga shule, wazo la kwenda kuiona Yellowstone huja lenyewe.

Kosa la wengi ni kuanza na ramani. Huchora njia, huhesabu kilomita, kisha hutafuta mahali pa kulala wiki chache kabla ya kuondoka. Katika milima hiyo mambo huenda kinyume. Msafiri hujiuliza kwanza barabara hufunguliwa lini, kisha atalala wapi na gari lake lina urefu gani. Njia hupatikana katika majibu ya maswali hayo.

Theluji ndiyo hufungua barabara

Barabara nyingi za juu hufungwa wakati wa baridi. Trail Ridge, inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain jimboni Colorado, hufika mita 3,713 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na kituo cha Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro. Kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei na kufungwa Oktoba. Beartooth, iliyo mpakani mwa Montana na Wyoming, hufika mita 3,337 na hufuata msimu huohuo.

Katika Hifadhi ya Glacier, kaskazini mwa Montana, theluji huchelewa zaidi kuondoka. Barabara yake maarufu ya Going-to-the-Sun, yenye urefu wa kilomita 80, hupita Logan Pass kwenye mita 2,025. Kipande hicho cha juu hufunguliwa kati ya katikati ya Juni na katikati ya Julai, kutegemea wingi wa theluji ya mwaka husika. Anayetaka kuipita kwa uhakika apange kufika baada ya katikati ya Julai.

Hata baada ya theluji kuyeyuka, milima hubaki na maamuzi yake. Juni 2022 mafuriko yalikata barabara za kaskazini mwa Yellowstone, malango yote yakafungwa na wageni zaidi ya 10,000 wakaondolewa hifadhini. Juni 8, 2024, kipande cha barabara ya Teton Pass, inayounganisha mji wa Jackson na jimbo la Idaho, kiliporomoka na njia ikafungwa karibu wiki tatu. Kwa hiyo ratiba nzuri huwa na siku moja au mbili zisizo na kazi, pamoja na njia ya pili iliyokwisha kufikiriwa.

Kitanda hutafutwa miezi sita kabla

Hakuna ugumu unaowashangaza wageni kama kupata mahali pa kuegesha gari usiku. Kambi nyingi za hifadhi na misitu ya taifa huwekewa nafasi kupitia tovuti ya Recreation.gov, na kwa kambi nyingi dirisha hufunguliwa miezi sita kabla ya siku ya kulala. Nafasi za Julai hutafutwa Januari, na zile za kambi maarufu huweza kuisha dakika chache baada ya dirisha kufunguliwa. Baadhi ya kambi za Yellowstone huendeshwa na kampuni binafsi yenye utaratibu wake, hivyo ni lazima kutazama pande zote mbili.

Ndani ya Yellowstone, kambi ya Fishing Bridge ndiyo pekee inayompa msafiri umeme, maji na bomba la majitaka pale alipoegesha. Mahema hayaruhusiwi hapo, kwa sababu ni eneo la dubu wakubwa wa kahawia. Kwingineko hifadhini, gari-nyumba hutegemea betri, tenki lake la maji na jenereta, ambayo huruhusiwa kwa saa maalumu tu.

Aliyekosa nafasi asikate tamaa. Misitu ya taifa na ardhi nyingi za serikali kuu huruhusu kupiga kambi bure nje ya maeneo rasmi, mara nyingi kwa siku zisizozidi 14 mahali pamoja. Huko hakuna maji, choo wala pipa la taka. Msafiri huingia na kila kitu na hutoka na kila kitu.

Aidha, baadhi ya hifadhi zimewahi kudai kibali cha kuingia kwa saa maalumu, mbali na nafasi ya kulala. Utaratibu huo hubadilika mwaka hadi mwaka, na jibu sahihi liko kwenye tovuti ya hifadhi yenyewe.

Urefu wa gari huamua njia

Gari-nyumba la kukodi la familia ya watu wanne au sita kwa kawaida huwa na urefu wa mita 7 hadi 9. Katika Glacier, gari linalozidi mita 6.4 kwa urefu au mita 2.4 kwa upana, vioo vikihesabiwa, haliruhusiwi kuvuka sehemu ya juu ya Going-to-the-Sun. Hapo mwamba unaning'inia upande mmoja, na upande wa pili ni bonde.

Mwenye gari kubwa huliacha kambini na kupanda na mabasi ya watalii, yakiwamo yale mekundu yaliyotengenezwa miaka ya 1930. Vinginevyo huzunguka kusini kwa Barabara Kuu namba 2. Kabla ya kusaini mkataba wa kukodi, uliza vipimo kamili vya gari, uviandike kwenye karatasi na uibandike mbele ya dereva.

Breki haziwezi peke yake

Aliyewahi kushuka Kitonga nyuma ya lori lililopakia anajua harufu ya breki zilizochoka. Milima ya Rocky ina Kitonga nyingi. Magharibi mwa Denver, Barabara Kuu namba 70 hupita katika handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, kwenye kimo cha takriban mita 3,400. Miteremko yake ni mikali kiasi cha kutengenezewa njia za dharura za mchanga na kokoto ili kuyazuia malori yaliyokatika breki.

Kanuni ni ileile ya kwetu: shuka na gia ndogo, injini ikusaidie kushika gari, na ukanyage breki kwa vipindi badala ya kuegemeza mguu muda wote. Wakati wa kupanda, injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kimo. Gari lililokuwa jepesi mjini litapanda polepole. Kaa upande wa kulia na uwaachie njia wanaokufuata.

Mwili nao hulipa gharama ya kimo. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za kawaida kwa mtu aliyepanda haraka. Lala usiku wa kwanza mahali pa chini, kunywa maji ya kutosha, na dalili zikizidi, shuka. Usiku wa Julai karibu na Ziwa Yellowstone, lililo kwenye mita 2,357, baridi huweza kukaribia kuganda.

Moto na wanyama

Julai hadi Septemba ni msimu wa moto wa misitu. Moto wa Cameron Peak, ulioanza Agosti 2020 huko Colorado, uliteketeza zaidi ya hekta 84,000, ukiwa mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu za jimbo hilo. Ukame unapozidi, mamlaka hupiga marufuku moto wa kuni hata kambini. Panga kupika kwa gesi na usitegemee kuni.

Anayekokota tela ana wajibu mkubwa zaidi. Julai 2018, tairi la tela lilipasuka katika jimbo la California, na ringi ikasuguana na lami na kutoa cheche. Moto uliozuka hapo, uliopewa jina la Carr, uliua watu, wakiwamo wazima moto, na kuteketeza nyumba zaidi ya 1,000. Kagua upepo wa matairi kila asubuhi, na hakikisha minyororo ya tela haiburuti chini.

Kwa upande wa wanyama, sheria ya Yellowstone ni kukaa angalau mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na mita 23 kutoka kwa nyati wa huko na wanyama wengine. Nyati hao huonekana wapole kama ng'ombe wa nyumbani, lakini hukimbia haraka kuliko binadamu. Chakula, sabuni na dawa ya meno hufungiwa ndani ya gari. Kopo la pilipili la kujikinga na dubu haliruhusiwi ndani ya ndege, hivyo hununuliwa hukohuko.

Gharama zisizoandikwa kwenye tangazo

Bei ya kukodi kwa siku ni mwanzo tu. Kampuni nyingi hutoza pia kwa kila maili, bima na vyombo vya jikoni. Gari la ukubwa wa kati huweza kutumia lita 25 hadi 29 kwa kilomita 100. Mzunguko unaoanza na kuishia Denver, ukipita Rocky Mountain, Grand Teton, Yellowstone na Glacier, huzidi kilomita 3,000. Hizo ni zaidi ya lita 750 za mafuta.

Kuhusu viingilio, serikali ya Marekani ilitangaza Novemba 2025 kwamba kuanzia Januari 1, 2026, kadi ya mwaka ya hifadhi ingebaki dola 80 kwa wakazi wa nchi hiyo na kuwa dola 250 kwa wasio wakazi. Asiye mkazi na asiye na kadi aliwekewa nyongeza ya dola 100 kwa mtu katika hifadhi 11 mashuhuri, zikiwamo hizo nne. Mkazi abebe kitambulisho. Ndugu anayetarajia kutoka nje ahakikishe kwanza masharti ya viza, na leseni ya kimataifa ya udereva aichukue nchini kwake kabla ya kusafiri.

Mwisho, usiibane ratiba. Denver hadi Yellowstone ni zaidi ya kilomita 800, kama Dar es Salaam hadi Mbeya, na ndani ya hifadhi mwendo wa juu ni kilomita 72 kwa saa. Mwenye wiki mbili anaweza kufika hadi Glacier. Mwenye wiki moja aiache Glacier kwa mwaka mwingine, alale usiku tatu Yellowstone, na awape watoto nafasi ya kumtazama nyati akivuka barabara kwa wakati wake.